Viinitete Vilivyobaki: Je, Yafaa Kuvitoa kwa Utafiti?



Wiki chache kabla ya Ramadhani iliyopita, darsa ya akina mama ilipokwisha, mwanamke mmoja alibaki nyuma wenzake wakivaa viatu. Alikuwa na bahasha mkononi. Yeye na mumewe ni watu wa hapa hapa Mombasa, lakini waliishi Uingereza miaka kadhaa kwa ajili ya kazi, na huko, baada ya kungoja sana bila ya kupata mtoto, walitibiwa kwa njia ya kutungisha mimba nje ya mwili. Mwenyezi Mungu akawaruzuku mapacha, ambao sasa wamo chuoni wakihifadhi juzuu ya Amma. Ndani ya bahasha mlikuwamo barua ya hospitali iliyowatibu. Viinitete vitano vilivyobaki vingali vimehifadhiwa katika baridi kali, na wenyewe watakiwa kuamua. Je, viendelee kuwekwa? Viondolewe katika baridi viachwe vife? Wapewe mke na mume wengine? Ama vitolewe kwa utafiti wa tiba? Chini ya fomu palikuwa na nafasi mbili za sahihi, moja ya mume na moja ya mke.

Tulimjibu upesi kuliko ilivyotupasa. Tulimwambia, "Mwanangu, siku 120 hazijatimia, hapo hapana roho. Kuwapa watu wengine haifai, nasaba itachanganyika. Hayo mengine ni hiari yenu." Akainama kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Nimekufahamu, Sheikh. Lakini hawa wangu wawili walikuwa pamoja na hao watano, siku moja, chombo kimoja. Daktari ndiye aliyechagua nani atangulie. Mimi huwatazama mezani wakila, nikawakumbuka wenzao."

Sisi tulisema vitano, yeye akasema watano. Tulikwenda nyumbani na neno hilo. Jibu letu halikuwa kosa kwa mujibu wa vitabu, lakini lilikuwa jibu la mtu aliyehesabu siku na kusahau kilichohesabiwa. Tulimwomba atupe muda, na haya tunayoyaandika leo ndiyo tuliyoyapata katika muda huo. Tunayaweka hapa kwa sababu si yeye peke yake. Tangu watoto wa kwanza wa njia hii wazaliwe Nairobi mwaka 2006, nyumba nyingi za Waislamu zimepita mlango huo, na aghalabu zimepita kimya kimya.

Kwanza tufahamu ni kitu gani kinachozungumzwa. Yai la mke likutanapo na mbegu ya mume hugawanyika: mbili, nne, nane, na kuendelea. Ifikapo siku ya tano huwa tufe dogo lenye uwazi ndani, lenye seli mia moja hivi au zaidi, dogo kuliko nukta inayofunga sentensi hii. Seli za nje ndizo zitakazokuwa kondo la nyuma. Fungu dogo la ndani ndilo mwili wa mtoto, na seli zake hazijapangiwa kazi: zaweza kuwa moyo, mfupa, ngozi au ubongo. Kwa hiyo zikaitwa seli shina, kwani matawi yote yatoka hapo. Zikitolewa na kulishwa vyema maabarani, huzaana bila ya kukoma. Lakini zikisha kutolewa, kiinitete chenyewe kimekwisha. Mgogoro wote uko katika jambo hilo moja.

Wa kwanza kufanikiwa kuzitoa kwa mwanadamu na kuzikuza alikuwa James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1998. Alitumia viinitete vilivyotolewa na wanandoa waliokuwa wakitibiwa utasa, akapata koo tano za seli. Mmoja katika hizo, uitwao H9, ungali hai na unatumika katika maabara nyingi duniani. Yule ambaye angekuwa mtoto hakuzaliwa, na seli zake zimeishi zaidi ya robo karne. Ni jambo la kumfanya mtu anyamaze kidogo kabla ya kusema halali au haramu.

Msomaji asidhani kwamba wataalamu hawa wanacheza tu. Katika madrasa yetu yuko kijana wa miaka 12 mwenye kisukari cha utotoni, kile ambacho kongosho haitoi insulini kabisa. Hudungwa sindano kila siku, na dawa yake hukaa katika friji ya jirani kwa kuwa kwao hawana. Kila Ramadhani hulia akitaka kufunga kama wenzake, na kila Ramadhani mama yake huja kutuomba tumweleze tena kwamba mgonjwa ana ruhusa. Huko Marekani, Douglas Melton wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye watoto wake wawili wana maradhi hayo hayo, alitumia miaka mingi kutafuta namna ya kuzigeuza seli shina za viinitete ziwe seli zinazotoa insulini. Kampuni ya Vertex ikaiendeleza kazi hiyo, na mwaka 2025 matokeo yakachapishwa: kati ya wagonjwa 12 waliopewa dozi kamili, 10 walikuwa hawahitaji tena insulini baada ya mwaka mmoja. Nao hulazimika kutumia dawa za kupunguza kinga ya mwili ili seli hizo zisikataliwe, na dawa hizo zina hatari zake. Tiba hiyo haijafika kwetu. Hata hivyo, anayesema kwamba utafiti huu hauna faida yoyote, naye amhesabu kijana huyo.

Hapa tutoe indhari, japo ni kando ya maneno yetu. Wapo wanaotembeza vidonge na unga wa vipakiti kwa jina la seli shina, eti huponya magoti, kisukari na utasa kwa pamoja. Seli hai ikimezwa husagwa tumboni kama chakula kingine. Akina mama, wekeni pesa zenu.

Wenzetu wa Magharibi wamelijadili jambo hili kwa ukali. Rais George W. Bush, mwezi wa Agosti 2001, alikataza fedha za serikali kuu ya Marekani zisitumike isipokuwa kwa koo za seli zilizokwisha kupatikana kabla ya siku ile, na Rais Obama akaliondoa zuio hilo mwezi wa Machi 2009. Uingereza ilitangulia. Tume iliyoongozwa na Mary Warnock ilitoa ripoti mwaka 1984, ikapendekeza kiinitete kisifanyiwe utafiti kupita siku ya 14, na sheria ya mwaka 1990 ikalithibitisha pendekezo hilo. Walichagua siku ya 14 kwa kuwa karibu na hapo huonekana mstari ambao ndio mwanzo wa uti wa mgongo, na baada yake kiinitete hakigawanyiki tena kuwa mapacha. Kanisa Katoliki lilikataa mpaka wowote wa siku, likasema heshima ya mtu yaanza mimba inapotungwa. Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 26, nayo yasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Haikusema kama kutungwa ndani ya chombo cha maabara ni sawa na kutungwa ndani ya tumbo.

Sauti ya Waislamu ilisikika mapema katika mjadala ule wa Marekani. Tume ya maadili ya tiba iliyomshauri Rais Clinton iliwaita wanazuoni wa dini mbalimbali mwaka 1999, na miongoni mwao alikuwa Profesa Abdulaziz Sachedina, mzaliwa wa Tanganyika. Aliieleza tume kwamba wanazuoni wengi wa Kiislamu huona kiinitete hupata hadhi kamili ya mtu baadaye, si siku ya kwanza, na kwa hiyo mlango wa tiba haukufungwa.

Huko "baadaye" ndiko sisi tulikokimbilia siku ile. Qur'ani tukufu, katika Suratul Mu'minuun kuanzia aya ya 12, yaeleza hatua za kuumbwa kwetu: asili ya udongo, kisha tone, kisha pande linaloning'inia, kisha pande la nyama, kisha mifupa na nyama ya kuivika, kisha umbo jingine kabisa. Hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, yataja siku arobaini mara tatu ndipo malaika aje apulize roho. Hizo ndizo siku 120. Lakini iko na hadithi ya Hudhayfa bin Asid (R.A.) katika Sahih Muslim, isemayo kwamba malaika hutumwa baada ya usiku 42 kulitia umbo lile tone. Kwa hiyo maulamaa walikhitilafiana juu ya yale yaliyo kabla ya 120. Hanafi wengi waliruhusu kuiondoa mimba kabla ya hapo kwa udhuru. Maliki walikaza sana, hata kabla ya siku 40. Na Imam Ghazali, ambaye ni wa madhehebu yetu ya Shafi'i, katika Ihya alitenganisha baina ya kuzuia mimba na kuiharibu. Kuzuia, alisema, si sawa na kuua, kwani hapajakuwa na kitu. Lakini maji mawili yakisha kukutana na kuwa tayari kupokea uhai, kukiharibu kilichopatikana ni dhambi, na dhambi hiyo yazidi uzito kila hatua.

Tuliposoma tena maneno hayo ya Ghazali ndipo tulipoona haya. Miaka yote tumeyasomesha, na mwanamke yule alikuwa karibu nayo kuliko sisi. Siku 120 zatuambia lini roho hupulizwa. Hazituambii kwamba kilichokuwapo kabla yake ni taka.

Pamoja na hayo, ni haki kusema kwamba hakuna katika maimamu hao aliyekiona kiinitete nje ya tumbo. Wao walizungumza juu ya mimba, na mimba ni ile iliyoshika katika mji wa uzazi. Kilichomo ndani ya kijibomba cha hospitali, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hakikui wala hakitakua maadamu hakijarudishwa kwa mama. Kwa sababu hiyo wanazuoni wa zama zetu walilazimika kukaa upya. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Jidda mwezi wa Machi 1990, likaamua kwamba yatungishwe mayai kwa idadi inayohitajika tu kila mara, ili pasibaki ziada. Ikitokea ziada kwa sababu yoyote, iachwe bila ya kuhudumiwa mpaka uhai wake ukome wenyewe. Likaharamisha pia kulitia yai hilo kwa mwanamke mwingine. Miaka 13 baadaye, mwezi wa Disemba 2003, Baraza la Fiqhi la Rabita lilikutana Makka likazungumzia seli shina zenyewe. Liliruhusu kuzichukua kwa mtu mzima asiyedhurika, katika kondo na kitovu kwa idhini ya wazazi, katika mimba iliyoharibika yenyewe, na pia katika viinitete vilivyobaki baada ya matibabu ya utasa, ikiwa wazazi wamevitoa kwa hiari na imehakikishwa havitatumika kwa mimba ya haramu. Likakataza mimba kutolewa kwa makusudi bila ya sababu ya kisheria, likakataza kunakili kiinitete kwa ajili ya tiba, na likakataza kuchukua yai la huyu na mbegu ya yule kuunda kiinitete cha kutumiwa maabarani.

Baadhi ya watu huona fatwa hizi mbili zagongana. Sisi twaona kila moja yasimama penye mlango wake. Ya Jidda yamwambia mtu kabla hajaanza: usiumbe ziada. Ya Makka yamkuta ziada ishapatikana. Hatari ni kuishika ya pili na kuisahau ya kwanza, tukasema tutungishe mengi, yatakayobaki yatafaa utafiti. Hapo kinachotolewa sadaka hakikuwa ziada, kilikusudiwa.

Amma kuishika ya Jidda si jambo jepesi, na anayelipa gharama yake ni mwanamke. Hudungwa sindano za homoni kwa siku nyingi, mayai yake hutolewa kwa sindano, na mara moja tu hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Si kila yai hutunga, wala si kila lililotunga hukua hadi siku ya tano. Daktari akitungisha mawili tu, huenda mama akarudia taabu yote tangu mwanzo. Siku hizi mayai yaweza kugandishwa kabla hayajatungishwa, na hilo limerahisisha. Lakini ni lazima wenyewe waombe, tena mapema, kabla ya siku ya kutolewa mayai. Hospitali haitawauliza. Tunawasihi mume na mke wanaokusudia tiba hii, popote walipo, walitaje jambo hili mbele ya daktari siku ya kwanza, na mume ndiye alitamke, asimwachie mkewe aibu ya kuzungumza.

Bibi zetu hawakusoma biolojia, lakini katika hili walikuwa na adabu iliyotupita. Kondo la nyuma halina roho. Kitovu kikikatika hakina roho. Hata hivyo mkunga hakukitupa jaani. Alikifunga, akakizika, na hadi leo mtu wa pwani akitaka kuonyesha kwao husema ndipo kilipozikwa kitovu chake. Damu ya kitovu hicho hicho sasa ni dawa. Mwaka 1988 jijini Paris, Daktari Eliane Gluckman alimtibu mtoto mwenye maradhi ya damu kwa seli shina za kitovu cha mdogo wake aliyezaliwa salama, na tangu hapo njia hiyo imewafaa wengi. Hapo hapana aliyeharibiwa, na hatujui mwanachuoni aliyepinga.

Iko njia nyingine, nayo ilianza kwa fikira zinazofanana na za mama yetu wa bahasha. Shinya Yamanaka, daktari wa Japani, amesimulia kwamba siku moja alitazama kiinitete kwa hadubini katika kliniki ya rafiki yake, akawakumbuka binti zake, akaona tofauti ni ndogo mno. Akaazimia kutafuta njia isiyopita hapo. Mwaka 2006 alizigeuza seli za kawaida za panya zikarudia hali ya seli shina kwa kuzitia jeni nne tu, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za ngozi ya mwanadamu. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Mwaka 2024 madaktari wa Tianjin, China, walieleza habari za mwanamke mwenye kisukari aliyeacha insulini baada ya kupandikizwa seli zilizotengenezwa kutoka mwili wake mwenyewe. Ni mgonjwa mmoja, na mmoja si wengi. Lakini anayedai kwamba kijana wetu hatapona ila kwa kuharibiwa viinitete, dai lake leo ni dhaifu kuliko lilivyokuwa mwaka 1998.

Baada ya Idi tulikaa na mwanamke yule pamoja na mumewe. Tulianza kwa kumtaka radhi kwa jibu la mwanzo. Tukamuuliza lile ambalo tulipaswa kuuliza kabla ya yote: je, hawezi kubeba tena? Alisema mimba ya mapacha ilimletea presha iliyokaribia kumuua, na madaktari wamemkataza. Basi tukaieleza fomu yao kama tulivyoifahamu. Kuwapa wengine haifai. Ndugu zetu wa Iran walipitisha sheria ya kuruhusu hilo mwaka 2003, lakini sisi hatuoni njia yake. Kuendelea kuhifadhi bila ya nia ya kubeba ni kulipia uamuzi usiotaka kuamuliwa, tena mmoja wao akifariki ndoa imekwisha na haijuzu tena kuvirudisha. Kuviacha vikome vyenyewe hakuna dhambi, ndiyo fatwa ya Jidda. Kuvitoa kwa utafiti wa tiba yafaa, ndiyo fatwa ya Makka, kwa sharti wote wawili waridhie na wasipokee malipo yoyote. Moyo wetu, kwa sababu ya yule kijana, huelekea huku kwa pili. Lakini hatuoni kwamba mama alazimike kutoa asichoweza kukitoa.

Akauliza kama yampasa kuwasalia. Tulimwambia hapana sala ya maiti hapo wala akika. Akauliza kama ni makosa kuwahuzunikia. Tulimwambia si makosa. Safari hii nasi tulisema "hao".

Mumewe, ambaye muda wote alikuwa kimya, alisema angependa kujua ni maradhi gani yatakayochunguzwa kabla ya kutia sahihi. Hilo ni haki yao, kwani kwa sheria ya Uingereza idhini hutolewa kwa utafiti maalumu na yaweza kuondolewa kabla havijatumika. Wakaandika barua, na hospitali ikaleta kurasa kadhaa za maelezo. Mume amekwisha kutia sahihi. Mke amezichukua kurasa hizo nyumbani akazisome pole pole. Nafasi yake katika fomu ingali wazi, na hospitali imewapa hadi mwisho wa mwaka.